Somo: Kuandaa usiku wa muziki wa kuchangia ghala la chakula la mtaa

Maghala mengi ya chakula cha msaada katika miji yetu huendeshwa na msikiti, parokia au kikundi cha akina mama, nayo hupungukiwa zaidi katika miezi ya kabla ya mavuno, bei ya unga inapopanda huku wahitaji wakiongezeka. Somo hili linawalenga wanakwaya, wanataarab na wanabendi wanaotaka kusaidia katika kipindi hicho.

Hatua ya kwanza ni kumwendea mtunza ghala kabla ya kuwaendea wanamuziki. Mwulizeni anahudumia kaya ngapi na kila kaya hupewa nini. Kwa mfano, kaya 60 zikipewa kilo 10 za unga na kilo 4 za maharage kila mwezi, zinahitajika kilo 600 za unga, yaani viroba 24 vya kilo 25, pamoja na kilo 240 za maharage. Zidisheni kwa bei ya jumla ya sokoni ya wiki hiyo, na jumla hiyo ndiyo iwe lengo lenu. Andikeni lengo hilo kwenye tangazo kwa viroba, kwa sababu mchangiaji huelewa haraka zaidi anapojua kwamba mchango wake umenunua kiroba kizima.

Hatua ya pili ni vibali. Kwa Tanzania, anzeni na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mwoneni afisa utamaduni wa wilaya kuhusu kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na polisi wapewe taarifa mapema. Fedha nazo zipokelewe kwa akaunti au Lipa Namba ya taasisi inayoendesha ghala, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. George Harrison, aliyekuwa mwanabendi wa Beatles, na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, walipofanya onyesho la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh jijini New York tarehe 1 Agosti 1971, ukumbi ulijaa, lakini sehemu kubwa ya mapato ilikwama kwa miaka kwa sababu ya mvutano wa kodi, kwa kuwa msamaha wa kodi haukuombwa mapema. Ikiwa wasanii wakubwa kiasi hicho walikwama kwa karatasi, sisi tuna sababu zaidi ya kuzitanguliza.

Hatua ya tatu: spika, jenereta na ukumbi vilipiwe na wadhamini kabla ya siku yenyewe, ili fedha ya mlangoni isiguswe kabisa.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito, nayo ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha akiwa anaimba. Kwa uzoefu wangu, kiingilio huleta kidogo kuliko tunzo. Msikilizaji wa taarab beti ikimgusa huinuka, husogea jukwaani kwa mwendo wa kucheza, akamtunza mwimbaji. Na katika matamasha ya kwaya watu hutoka vitini kwa namna hiyo hiyo. Kwa desturi tunzo hiyo ni ya msanii au kikundi chake, kwa hiyo ni dhuluma kuitwaa bila makubaliano. Kaeni na wasanii mapema, wapeni nauli na posho inayojulikana na wote, kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba tunzo za usiku huo ni za ghala. Wekeni kapu la ukili mbele ya mwimbaji, ili anayetunza aone fedha yake inakoingia. Karibu na mlango pawepo meza ya kuvunja noti, kwa kuwa mwenye noti ya 10,000 mara nyingi hubaki amekaa, lakini akipewa za 1,000 na 2,000 atainuka mara kadhaa. Mshereheshaji atangaze kabla ya wimbo kwamba tunzo za wimbo huo zitanunua maharage, kisha anyamaze. Kumkatiza mwimbaji kwa maneno ya harambee huwavunja watu moyo.

Hatua ya tano ni kuhesabu usiku ule ule, pale pale ukumbini. Wahesabu wawe watatu: mmoja wa ghala, mmoja wa wasanii, na mjumbe wa mtaa. Jumla isomwe kwa kipaza sauti kabla watu hawajaondoka, na risiti za ununuzi zibandikwe ghalani ndani ya wiki moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Watu wengine watataka kuleta chakula badala ya fedha. Tuwakubalie?

Marahaba. Kubalini vyakula vikavu vilivyofungwa vizuri, na mizani iwepo mlangoni. Mahindi au karanga zenye unyevu msizipokee hata kwa kuona haya, kwa sababu ukungu huleta sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupika. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Hata hivyo himizeni fedha, kwani ghala hununua kwa bei ya jumla.

Ndugu mwalimu, je, tunaweza kupiga nyimbo za wasanii maarufu bila kibali, maadamu hatutafuti faida?

Msidhani hivyo. Nia njema haifuti haki ya mtunzi. Ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkiwa Tanzania, au vyama vya hakimiliki mkiwa Kenya. Nyimbo mlizozitunga wenyewe hazina usumbufu huo.

Asalaam alaykum, mwalimu. Ghala letu huelemewa zaidi Ramadhani. Tufanye usiku wa taarab mwezi huo huo?

Waalaykum salaam. Hapana, kwa kuwa taarab husimama Ramadhani, na wengi wataona mmewakosea heshima. Fanyeni mwanzoni mwa Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ili unga, tende na sukari vinunuliwe kabla bei hazijapanda. Mkitaka kuendelea kuchangisha ndani ya mwezi wenyewe, waombeni vijana wa madrasa wasome kaswida baada ya futari ya pamoja, na sanduku likae mlangoni.