Alamu ya gari inayolia ovyo: anza na boneti, sensa iache mwisho

Mteja akiniletea gari ambalo alamu yake inalia ovyo, namuuliza kwanza inalia wakati gani. Wengine hununa, maana wamekuja kutengenezewa gari, si kuhojiwa. Lakini jibu ni nusu ya kazi yangu. Ikilia baada ya mvua au baada ya injini kuoshwa, nakwenda kwenye boneti. Ikilia alfajiri tu, napima betri. Ikilia kila lori la mchanga likipita, hapo ndipo naikumbuka sensa, kile kifaa kinachohisi mtikisiko wa gari. Watu wengi huanza na sensa kwa sababu ndiyo inayotajwa vijiweni. Wanaipunguza mpaka inakufa ganzi, na alamu bado inalia.

Nazungumzia zile alamu tunazofunga hapa Dar gari likishatoka bandarini: kiboksi chini ya dashibodi, king'ora ndani ya boneti, rimoti mbili. Iliyokuja na gari kutoka kiwandani ina tabia zake, usiifanyie haya yote bila kuuliza.

Kabla ya kushika bisibisi, sikiliza. Sensa nyingi za mtikisiko zina hatua mbili: ukiligusa gari kidogo, unapata milio mifupi ya onyo, ukiligonga kwa nguvu, king'ora kinaachia chote. Gari likiwa limetulia halafu alamu ikapasuka moja kwa moja bila onyo, mara nyingi kuna mlango, buti au boneti ambayo yenyewe inaiona iko wazi.

Na hapo mimi sihangaiki, naenda kwenye boneti. Fundi aliyefunga alamu aliweka kiswichi cha pini pale pembeni, boneti ikifungwa inakibana. Kiswichi hicho kinaishi kwenye joto, vumbi na maji ya mvua, na sisi wa pwani tunakiongezea chumvi ya baharini. Waya wake ukigusana na bodi ya gari ndivyo alamu inavyojua boneti imefunguliwa. Sasa pini ikichakaa, au mpira wa boneti ukilala, haibanwi hadi mwisho. Upepo ukitikisa gari, mguso unatokea. Maji yakiingia ndani, umeme unavuja kupitia unyevu. Ndiyo maana wanaopulizia injini maji ya presha hapo kwenye kuosha magari wananiletea wateja kila masika.

Kukipima hakuhitaji mita. Chomoa waya wake, zungushia ncha selotepu ya umeme isiguse bati popote, funga boneti, washa alamu, kalale. Ikinyamaza usiku kucha, umempata mchawi. Usikisugue kwa msasa ukadhani umepona. Kiswichi kipya kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, ni cha bei ndogo, funga kipya na ukipake mafuta ya mgando kidogo kwenye pini. (Hapa ndipo alamu ya kiwandani inaweza kukugeuka: baadhi yake, waya huo ukichomolewa, ndiyo zinaona boneti iko wazi.)

Ikiendelea kulia, subiri giza. Weka taa ya ndani kwenye DOOR, funga milango yote, ukae ndani huku ukitikisa mlango mmoja mmoja, kisha mtu akutikisie buti. Taa ikipepesa hata kidogo, swichi ya mlango huo ndiyo tatizo. Watu wenye taa iliyowekwa OFF miaka nenda rudi hawawezi kujua kuwa swichi imekufa. Buti ndilo wanalolisahau, hasa kwenye gari la kubebea mizigo ya duka.

Betri ipime asubuhi kabla ya kuwasha gari. Yenye afya inasoma karibu volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12, hiyo imechoka. King'ora chenye betri yake ndani kimetengenezwa kulia mtu akikata waya, na umeme ukishuka sana au vichwa vya betri vikilegea, kinaona kama mwizi amekata. Vichwa vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi. Spana namba 10, anza kufungua hasi, na hasi iwe ya mwisho kurudisha. Ila zima king'ora kwa ufunguo wake kwanza, la sivyo mtaa mzima utajua unaosha betri.

Sensa sasa. Iko chini ya dashibodi, ndogo kama kiberiti, ina skrubu ya kuongeza na kupunguza. Iangalie kwanza imefungwaje. Nimekuta nyingi zinaning'inia na waya zake, au zimefungwa kwenye bomba la AC, na hiyo itatikisika hata ukiipunguza vipi. Ibane kwenye chuma imara. Halafu punguza kidogo tu, kama robo mzunguko, washa alamu, subiri dakika moja, upige nguzo ya mlango kwa kiganja. Kiganja kitoe milio ya onyo. Ngumi ndiyo ifungue king'ora. Bodaboda ikipita isitoe kitu.

Ukifika hapa bado inalia, kinachobaki mara nyingi ni maungio. Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa selotepu, joto la gari lililoanikwa juani linayeyusha gundi, selotepu inafunguka, waya zinagusana. Hiyo mpelekee fundi, na mwambie aunge kwa lehemu.

Usiku wa leo, majirani wakiwa mlangoni na rimoti imegoma, badilisha betri ya rimoti kwanza. Ikishindikana, fungua boneti uchomoe soketi ya king'ora. Kama kina betri yake, kizime kwa ufunguo. Usikate waya za kiboksi kwa hasira: loki za milango na kizuizi cha kuwasha injini mara nyingi vinapita humo humo, na asubuhi utaniita nije na gari la kuvuta.