Ngano ya kumwagilia: urea usiiache juu ya udongo

Wenzangu wa Mbarali na Iringa mnaomwagilia ngano kiangazi, kabla ya kununua mbolea ya kukuzia gawanyeni bei kwa kilo za naitrojeni, msitazame bei ya mfuko tu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23, CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) kama 13, SA (salfeti ya amonia) kumi na nusu. Kwa hesabu hiyo urea mara nyingi ndiyo rahisi, ila ina tabia yake: ukiimwaga kwenye udongo wenye unyevu kidogo ukaiacha juani, sehemu inapaa hewani kama amonia. Mimi huimwaga jioni, maji nafungulia alfajiri, kiasi cha kuizamisha tu. Ukijaza jaruba, mbolea inashuka chini ya mizizi.

SA ina salfa, sawa, lakini inaongeza tindikali, na udongo wetu wa milimani tayari ni mchachu.

Wakati? Nyingi iwekwe ngano ikishachipua pembeni, kabla hujapapasa shina ukakuta kifundo cha kwanza. Ya karibu na kuchanua huongeza protini ya punje, magunia si sana.