Karatasi Zinazokwamisha Dai la Ulemavu la Mwanajeshi wa Zamani wa Marekani

Dai la fidia ya ulemavu linapokaa miezi mingi katika Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani, ambayo wengi huiita VA, mwombaji huanza kudhani kwamba kuna ofisa anayeutilia shaka ugonjwa wake. Mara nyingi hakuna aliyetilia shaka lolote: faili limesimama kwa sababu ya karatasi moja inayosubiriwa, na mwenye karatasi hiyo hajui kwamba ni yeye anayesubiriwa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waliotumikia jeshi hilo, wakiwemo walioingia kupitia MAVNI, mpango wa kuwaandikisha jeshini wageni wenye ujuzi maalumu, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 na kukihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zilizohitajika jeshini. Naamini wanachelewa kwa sababu ambazo vitabu vya maelekezo vya Kiingereza havizigusi sana.

Kabla ya kukusanya chochote, linda tarehe yako. Jaza fomu 21-0966, ambayo ni taarifa fupi ya kueleza kwamba unakusudia kudai. Ukishaiwasilisha unapata mwaka mmoja wa kukamilisha dai lenyewe, na dai likikubaliwa malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku taarifa hiyo ilipopokelewa. Anayeanza kujaza dai kwenye tovuti ya VA akiwa ameingia kwa akaunti yake huwekewa tarehe hiyo bila kutuma fomu ya pili. Aliyetoka jeshini karibuni akidai ndani ya mwaka mmoja, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi siku iliyofuata kuachiwa kwake, na aliye bado kazini anaweza kuwasilisha dai siku kati ya 180 na 90 kabla ya kutoka. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu karatasi iliyokosekana huweza kutafutwa baadaye, lakini miezi iliyopita bila tarehe ni vigumu sana kuirudisha.

Dai lenyewe huandikwa kwenye fomu 21-526EZ. Tangu Machi 2015 barua ya kawaida ya kueleza mateso yako, hata ikiwa ndefu na ya kweli, haihesabiki kuwa dai, na fomu isiyotiwa saini ni dai lisilokamilika. Ofisi inatafuta mambo matatu ndani yake: ugonjwa au jeraha ulilonalo sasa, lililothibitishwa na mtaalamu wa tiba, tukio, jeraha au maradhi yaliyokupata wakati wa utumishi, na uhusiano kati ya hayo mawili. Kiwango cha uhusiano huo si uhakika kamili. Inatosha daktari aseme kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni angalau sawa na uwezekano wa kutotokana nao, na pale ushahidi unapolingana pande zote mbili, sheria inaamuru shaka imnufaishe mwombaji. Hata hivyo daktari wa nje ya VA ambaye hajaiona kumbukumbu hata moja ya jeshini huandika maoni yasiyo na uzito, nayo faili hurudishwa kutafuta maoni mengine. Mpe nakala za kumbukumbu zako kabla hajaandika.

Sheria ya PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, imeyahesabu baadhi ya maradhi kuwa yametokana na utumishi kwa waliokuwa katika maeneo fulani, kwa mfano walikochomewa taka kwenye mashimo ya wazi huko Iraki na Afghanistani. Kwao swali huhama kutoka kwa daktari na kwenda kwenye ushahidi wa mahali: ulikuwa wapi, lini? Cheti cha kuachiwa, DD-214, hakitaji kila safari. Tafuta amri za kupelekwa kazini, hati za malipo zinazoonyesha posho ya eneo la hatari, au taarifa ya askari mwenzako iliyoandikwa kwenye fomu 21-10210.

Waliotumikia National Guard, yaani kikosi cha ulinzi cha majimbo, au jeshi la akiba wana ugumu wa pekee, kwa kuwa kumbukumbu zao za matibabu hubaki mara nyingi kwenye kikosi au jimbo badala ya kufika kwenye hifadhi kuu, na huduma yao imekatikakatika. Ofisi haiwezi kuendelea mpaka ijue siku uliyoumia ilikuwa ya aina gani. Mafunzo ya muda wote hufungua mlango kwa jeraha na maradhi pia, ilhali mazoezi ya mwisho wa wiki hufungua mlango kwa jeraha, shambulio la moyo, moyo kusimama au kiharusi tu. Kwa hiyo tafuta fomu NGB 22, ambayo ni cheti cha kuachiwa cha National Guard, amri za mafunzo za tarehe hiyo, na ripoti ya kikosi iliyothibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini. Ziombe mwenyewe, kwa maandishi, kutoka makao ya kikosi chako.

Kwa wazee, au wajane wao, kuna kikwazo cha zamani zaidi: moto wa tarehe 12 Julai 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, hasa ya walioachiwa na jeshi la nchi kavu kabla ya 1960. Fomu NA 13055 hutumika kusaidia kuyaunda upya.

Kumbukumbu za hospitali binafsi huchelewesha kwa njia nyingine. Ukitia saini fomu 21-4142 na 21-4142a, VA itaziomba kwa niaba yako, lakini wajibu wake kwa hospitali hizo ni ombi la kwanza na kwa kawaida ukumbusho mmoja, na ruhusa yako hudumu miezi 12 tu. Jina la hospitali likiandikwa bila anwani au bila tarehe za matibabu, ombi haliendi popote. Ushauri wangu ni kwamba uende kuzichukua mwenyewe na kuziwasilisha pamoja na dai. Ikiwa ulitibiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, usiiachie ofisi kazi hiyo hata kidogo. Chukua nakala yenye mhuri, na kama imeandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa, ambatisha tafsiri kamili ya Kiingereza yenye jina na saini ya mfasiri.

Sasa nije kwenye majina, ambapo ndugu zetu hukwama zaidi. Mtu aliyezaliwa akaitwa Juma Bakari Hamisi anaweza kuingia jeshini kwa mpangilio mmoja wa majina, akabadilisha jina alipopewa uraia, kisha akafungua akaunti ya hospitali kwa mpangilio wa tatu. Kompyuta haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Weka kwenye dai nakala ya cheti cha uraia au amri ya mahakama inayoonyesha badiliko la jina, na uandike majina yote uliyowahi kutumia katika sehemu ya fomu inayouliza hivyo. Kama DD-214 yenyewe ina kosa, omba irekebishwe kwa hati DD-215, wala usithubutu kuikwangua au kuiandika juu.

Familia nayo ina karatasi zake. Anayepewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 au zaidi ana haki ya nyongeza kwa ajili ya mwenzi na watoto, kwa fomu 21-686c, na akiwataja ndani ya mwaka mmoja tangu kuarifiwa kiwango hicho, nyongeza inaweza kurudi hadi tarehe ya kiwango chenyewe. Anayeishi ndani ya Marekani kwa kawaida huaminiwa kwa maelezo yake: tarehe, mahali, na namba za hifadhi ya jamii za wahusika waliopewa. Anayeishi Nairobi au Tanga hudaiwa vyeti. Na hata aliye Marekani huulizwa vyeti pale maelezo yake yanapopishana na kumbukumbu nyingine, jambo linalotokea sana kwetu, kwa sababu tarehe ya mahari, tarehe ya nikaha na tarehe ya kuandikishwa serikalini ni tarehe tofauti, na mtu aliandika moja kwa idara ya uhamiaji na nyingine kwa jeshi.

VA huipima ndoa kwa sheria ya mahali wahusika walipokuwa wakiishi walipooana, au walipokuwa wakiishi haki ya malipo ilipoanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 na ile ya Kenya ya 2014 zote zinaitambua ndoa ya kimila, hivyo ndoa yako si batili kwa kuwa haikufungwa kanisani wala bomani. Kinachohitajika ni cheti. Ikiwa hamkuwahi kuiandikisha, iandikisheni sasa. Vyeti vya kuzaliwa vya Tanzania Bara hutolewa na RITA, wakala wa usajili wa serikali, na ni vyema kuviomba mapema. Taja pia ndoa za awali na jinsi zilivyokwisha, kwa tarehe na mahali. Nafasi iliyoachwa wazi hapo huzaa barua ya maswali.

Barua za maswali ndizo zinazoua madai mengi kimyakimya. Hukupa siku 30 za kujibu, na ofisi inaweza kuamua baada ya hapo kwa kilichomo failini, ingawa ushahidi utakaouleta ndani ya mwaka mmoja tangu barua hiyo bado unaweza kutazamwa. Badilisha anwani na simu yako kwa VA moja kwa moja, kwani kuiarifu posta peke yake hakutoshi. Pokea simu usizozijua katika kipindi hiki, kwa sababu miadi ya uchunguzi wa ulemavu mara nyingi hupangwa na kampuni zilizoajiriwa na VA. Ukikosa uchunguzi bila sababu nzito, dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo, na dai la kuongeza kiwango hukataliwa. Ukiugua au ukifiwa, wapigie siku hiyohiyo na uombe tarehe nyingine.

Epuka pia kuwasilisha karatasi kwa matone. Kila nyongeza inaweza kulirudisha faili kwenye hatua ya kukusanya ushahidi, na dai lililowasilishwa kwa njia ya haraka ya madai yaliyokamilika (Fully Developed Claim) huondolewa kwenye njia hiyo. Kusanya, panga, tuma mara moja; kisha kama huna zaidi, ijulishe ofisi kwa maandishi kwamba huna ushahidi mwingine, ili isiendelee kuusubiri.

Msaada upo bila malipo kutoka kwa wawakilishi wa vyama vya wanajeshi wa zamani walioidhinishwa na VA, ambao unawateua kwa fomu 21-22. Sheria hairuhusu mtu yeyote kukutoza fedha kwa kuandaa dai la kwanza. Anayetaka sehemu ya malipo yako ya baadaye katika hatua hiyo, achana naye.

Uamuzi ukija na haukuridhishi, soma kwanza orodha ya ushahidi uliotazamwa. Karatasi uliyoituma isipoonekana humo, umeipata sababu. Una mwaka mmoja kuchagua njia bila kupoteza tarehe yako: fomu 20-0995 ukiwa na ushahidi mpya, 20-0996 ukitaka ofisa wa ngazi ya juu alitazame faili lilelile, au 10182 kwa Bodi ya Rufaa. Aliyekataliwa kwa kukosa karatasi ambayo sasa anayo achague ya kwanza, na aiambatishe karatasi hiyo siku hiyohiyo.