Kabla ya kushuka Pangani kuvua, ulizia mvua ya Korogwe
Sisi wa Moshi tunaokwenda kuvua Pangani, mto unapoingia baharini, hupima hali ya maji kwa mvua ya hapa nyumbani, na ndipo tunapokosea, kwa sababu maji ya mito ya huku kwetu, Kikuletwa na Ruvu, huzuiwa kwanza na bwawa la Nyumba ya Mungu, ilhali mito ya Mkomazi na Luengera, inayokusanya maji ya Usambara, huingia chini ya bwawa na kuleta tope. Ulizieni mvua ya Lushoto na Korogwe kabla ya kukata tiketi. Masika yakichelewa, maji ya chumvi hupanda mbali zaidi mtoni, hasa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Yaonjeni kwa ncha ya ulimi, mteme, kisha mtafute samaki kama mkizi na mwatiko juu zaidi ya mlipozoea. Mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, mimi hata ndoano sifungui.