SOMO: Umbali wa anga na muda wa ndege, Mwanza hadi Guangzhou

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananivuta pembeni pale Makoroboi kuniuliza China ni saa ngapi kwa ndege. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Kata safari vipande: Mwanza–Dar, kisha Dar–Guangzhou.

2. Ingiza MWZ, DAR na CAN (vifupisho vya viwanja vya ndege vya Mwanza, Dar na Guangzhou) kwenye kikokotoo cha umbali wa anga. Utapata kama kilomita 850, kisha 8,700. Rula kwenye ramani ya ukutani itakudanganya, dunia ni tufe.

3. Ndege kubwa ya jeti ipe kilomita 850 kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dar–Guangzhou inakuja saa 10 na dakika 45 hivi.

4. Soma tiketi. Hapa ndipo nilipoliwa. Tiketi yangu iliandikwa tarehe 15, 00:40. Mimi na saa zetu za Kiswahili nikajua ni usiku wa tarehe 15. Nikatoka Mwanza jioni ya tarehe 15, nimekaa dirishani najiona mjanja. Kufika kaunta, dada ananiambia, "Kaka, hii iliondoka usiku wa kuamkia leo." Nauli nzima ikaenda na maji. 00:40 ni saa 6:40 usiku wa KUAMKIA 15, kwa hiyo uwanjani unafika tarehe 14 jioni. Jambo la pili: saa ya kufika ni ya kule, na China wametutangulia saa 5. Tuseme unaondoka 00:40, unafika 16:20. Tofauti ni 15:40, toa 5, umekaa angani 10:40. Usiposema ni 15:40 ndugu yangu, utakuwa umenielewa.

MASWALI

Mzee wa Igoma: Mkuu, kwani Mwanza Dar ni saa ngapi?
— Hatua ya 2 na ya 3. Gawanya.

Binti Kirumba: Nimegawanya, nimepata saa moja na nusu. Mbona siku ile tulikaribia saa mbili?
— Bila shaka ulipanda pangaboi, ile ndege ya propela, dada. Hiyo ipe kilomita 600 kwa saa. Umefanya vizuri kupiga hesabu mwenyewe.

Binti Kirumba: Na kurudi kutoka China mbona ni kurefu zaidi?
— Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao. London–New York ni hivyo hivyo, kwenda Marekani ndiko kunakochelewesha.

Jembe Jipya: Kikokotoo chako kibovu, basi la Dar linakwenda zaidi ya kilomita 1,100.
— Basi linapita Shinyanga, Singida na Dodoma. Ndege haina kituo Singida.

Mvuvi Mstaafu: Natokea Sengerema, nawahi vipi?
— Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, feri haikuweki tena. Ila uwanja uko Ilemela, ukishavuka bado una mji mzima wa kukatiza.

Binti Kirumba: Na dagaa wa mashemeji wa Dar watieni kwenye ndoo yenye mfuniko. Begi langu linanuka mpaka leo.