Kuiondoa leflunomidi mwilini kwa kolestiramini

Mwanamke mwenye baridi yabisi anayetaka kubeba mimba asidhani kwamba akiacha leflunomidi, dawa ya ugonjwa huo, leo, mwezi ujao itakuwa imekwisha. Ikiachwa itoke yenyewe, mabaki yake yanaweza kukaa mwilini hadi miaka 2, na dawa hii ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Kinachoichelewesha ni nyongo. Mwilini leflunomidi hugeuka teriflunomidi, na ini huimwaga kwenye nyongo. Nyongo hushuka hadi utumbo mwembamba, lakini dawa nyingi haitoki na choo: utumbo huifyonza tena na damu huirudisha kwenye ini. Kuchuja damu kwa mashine hakufui dafu, kwa kuwa zaidi ya 99% ya dawa iliyo kwenye damu imeshikamana na protini. Basi dawa hutegwa utumboni. Unga wa kolestiramini haufyonzwi. Huinasa dawa na kutoka nayo.

Kwa usimamizi wa daktari, kunywa gramu 8 mara 3 kwa siku, kwa siku 11. Paketi zenye gramu 4 zitahitajika 66. Soma kiasi cha kolestiramini yenyewe, maana unga wote kwenye paketi huwa mzito zaidi. Usiulambe mkavu, unakaba. Koroga kila paketi katika maji au juisi, mililita 60 hadi 180, na usiukawize mdomoni, unaharibu meno. Gramu 8 zikikushinda, daktari anaweza kupunguza hadi gramu 4, bado mara 3.

Kosa kubwa ni kumeza dawa nyingine pamoja nayo, kwa sababu unga huu hauchagui: hunasa warfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za tezi ya shingo, hata vidonge vya uzazi wa mpango. Dawa nyingine zitangulie kwa saa 1 au zifuate baada ya saa 4 hadi 6. Ukinywa kolestiramini saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, nyingine zimeze saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kondomu zitumike kipindi chote. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji na matunda.

Asiyeimudu kolestiramini hupewa mkaa wa dawa, gramu 50 kila baada ya saa 12, siku 11. Si mkaa wa jikoni. Aliyelegea au mwenye usingizi mzito asinyweshwe: akitapika, mkaa unaweza kuingia mapafuni.

Kisha pima kiasi cha teriflunomidi kwenye damu mara 2, vipimo vikipishana angalau siku 14. Vyote viwe chini ya miligramu 0.02 kwa lita. Kimoja kikizidi, dozi ya kuondoa dawa hurudiwa kabla ya kutafuta mimba.