Mlolongo wa LC1: linda daftari kabla ya kulinda mstari

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji nchini Uganda, hachaguliwi kwa kura ya siri. Tangu sheria ya serikali za mitaa irekebishwe mwaka 2015, wakazi hupanga mstari nyuma ya mgombea, mwakilishi wake, picha yake au alama yake. Ndivyo vijiji vya Uganda vilivyopiga kura tarehe 10 Julai 2018, kwa mara ya kwanza tangu 2001. Ubishi ukizuka, hakuna sanduku la kufungua upya. Watu wakishatawanyika, ushahidi unaobaki ni daftari la wakazi na fomu ya matokeo, basi. Anayengoja siku ya kura ndipo aanze kulinda haki yake, amechelewa.

Anzia kwenye daftari. Anayestahili ni raia wa miaka 18 na zaidi anayeishi kijijini hapo. Mpangaji ni mkazi. Asikubali kuambiwa kwamba kura ni ya wenye viwanja. Jina lako kuwa kwenye daftari la kura za rais na wabunge hakutoshi, kwa sababu daftari la kijiji huandikwa peke yake. Jiandikishe kijiji kimoja tu, kile unacholala.

Majina yanapobandikwa, usitafute lako ukaenda zako. Gawaneni na majirani: kila mmoja asome majina ya njia yake, nyumba kwa nyumba. Tafuteni marehemu, waliohama, jina moja lililoandikwa mara mbili kwa herufi tofauti kidogo, na wageni wengi waliotajwa kwenye nyumba moja ndogo. Mkiona kasoro, andikeni pingamizi kwa ofisa wa uandikishaji kabla muda wa kubandika haujaisha, na mbaki na nakala yenye sahihi yake. Malalamiko ya mdomo hayamfungi mtu.

Siku yenyewe, njoo mapema na kitambulisho. Uwanja uwe wazi, usio na vichochoro vya watu kupenyea. Ombeni mistari ipangwe sambamba, hatua kadhaa kati ya mmoja na mwingine, watu wakiangalia mbele. Mistari ikikutana mkiani, hapo ndipo mtu huhesabiwa mara mbili: anahesabiwa huku, kisha anateleza kwenda kule hesabu ikiwa haijafika.

Dawa yake ni mpango wa kuhesabu, na ukubaliwe kabla mtu yeyote hajasimama. Mistari ifungwe kwanza, anayechelewa asiongezwe. Ofisa ahesabu kwa sauti, mtu mmoja mmoja, akitembea kutoka mbele kwenda nyuma. Mawakala wa pande zote watembee naye, wakiweka alama kwenye karatasi kila afikapo kumi. Aliyehesabiwa akae chini palepale, asiondoke mpaka mistari yote iishe. Mtu akiwa na shaka, asimamishe hesabu hapohapo kwa utulivu. Kurudia mstari mmoja huchukua dakika chache, lakini kuwarudisha watu waliokwisha kwenda nyumbani haiwezekani. Mtoto, au mtu asiye kwenye daftari, atolewe kabla namba haijatajwa.

Ugumu mwingine ni woga. Mwenye nyumba anakuona, mkopeshaji anakuona, shemeji yako pia. Hilo halina dawa kamili, na ni udhaifu mkubwa wa mlolongo. Kinachosaidia ni kwenda mkiwa kundi na kusimama pamoja, mtu asiachwe peke yake mkiani.

Matokeo yatangazwe palepale. Wakala asisaini fomu kabla ya kulinganisha namba na karatasi yake, na aipige picha kwa simu. Mgombea asiyeridhika apeleke shauri mahakama ya hakimu, akiwa na picha hiyo, nakala ya pingamizi na majina ya mashahidi.

Msitawanyike mshindi akishatangazwa. Mwenyekiti hupendekeza wajumbe wa kamati yake, wakiwemo katibu mkuu, wa fedha na wa usalama, na wakazi ndio huwaidhinisha. Wengi huwa wameshaondoka, na kamati hupitishwa na wachache. Kamati hiyo ndiyo itakayosikiliza kesi ndogo kama za madeni, na wajumbe wake ndio watakaokwenda kuchagua mwenyekiti wa LC2, baraza la ngazi inayofuata juu ya kijiji, kwa niaba ya kijiji. Jina usiloliamini likitajwa, nyosha mkono upinge.